Mkono Kwenye Kifundo cha Mguu

Kabla sijazaa, kila mtu alinionya kuhusu maumivu. Mama mkwe alinionya, wateja wa dukani walinionya, hata fundi aliyekuja kurekebisha bomba alisimama na spana mkononi akanieleza jinsi mke wake alivyoumia. Hakuna aliyenionya kuhusu kuchoka. Na mimi nakuambia, uchovu wa leba ukigawanywa kwa haki unatosha kulaza Eldoret nzima, kuanzia kwetu Kapsoya hadi ule upande mwingine wa mji, na ubaki wa kupeleka Burnt Forest ng'ombe wasinzie wakikamuliwa.

Si kwamba uchovu nilikuwa siujui. Shule ya upili niliimaliza jioni jioni baada ya kazi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamegusa kidevu, chini ya taa moja iliyokuwa ikiwaka ikipenda. Mchana nilikuwa karani kwenye duka la mablanketi na leso la mzee mmoja Msomali. Jioni nilikuwa mwanafunzi mwenye umri wa kutosha kuwa mwalimu mkuu. Baiolojia nilipasi vizuri. Mchoro wa mfumo wa uzazi niliuchora safi mpaka mwalimu akauinua darasa zima lione. Siku nilipofika leba nikaukumbuka mchoro ule, nikagundua kwamba wenye kitabu walisahau kuchora vitu viwili: baridi na kitanda.

Kitanda chenyewe kilikuwa na mtu tayari.

Tulifika hospitali ya serikali alfajiri kwa pikipiki, mwenye boda mbele, mimi katikati kama gunia la mahindi lililofungwa vibaya, mume wangu nyuma amekumbatia beseni. Ndani ya beseni mlikuwa na pamba, leso, nguo za mtoto, thermosi ya chai, na soksi za mume wangu mwenyewe, zile nzito za kazi ya mjengo, kwa sababu zangu zilikataa kupanda miguu iliyovimba. Baridi ya Julai ya huku huijui mpaka ukalie chuma cha kitanda cha hospitali. Mume wangu akaishia nje ya mlango, pale penye benchi la wanaume, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa habari hii hana kazi nyingine ila kulikalia lile benchi. Alilikalia vizuri. Mpaka leo husema, "siku ile tulipozaa."

Wodi ilikuwa imejaa. Najua watu wangu wakisoma hapa watasema ni huo mdomo wangu, lakini hata ukitoa nusu ya ninayoyasema bado walibaki wanawake wawili kwa kila kitanda, na wengine kwenye korido wakitembea wakipapasa kuta kama watu wanaotafuta swichi gizani. Sista wa zamu ile alikuwa mmoja. Mwenzake, tuliambiwa, alikuwa ameitwa kusaidia upande wa upasuaji. Huyu wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mzito, na viatu vyake vyeupe alikuwa amevikanyaga visigino vikawa ndara. Alinipima, akaandika, akaniambia bado kabisa, nikalale kitanda cha dirishani.

"Kuna mtu," nikamwambia.

"Kila mahali kuna mtu, mama. Mlale kichwa huku, kichwa kule, na msipigane mateke."

Ndivyo nilivyokutana na mwanamke wa Ainabkoi, kule kwa wakulima wa viazi. Alikuwa mrefu, mwembamba, tumbo limekaa juu kama kitu alichoazima, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa utadhani anaenda kanisani. Alisogea ukutani akaniachia nafasi kubwa kuliko yake. Nikamwambia "Chamgei," yaani hujambo, ndilo neno pekee la kwao ninalolijua ukiacha majina ya viazi. Akajibu, akatabasamu, akanyamaza. Nikadhani ni maringo. Baadaye kidogo nikamwona amefumba macho, mdomo umebana, jasho dogo limetokea juu ya mdomo, halafu akafumbua macho akaangalia dirisha kama kawaida. Ulikuwa ni uchungu, umekuja na umeondoka, na yeye hata hakuvuta pumzi kwa sauti.

Mimi sikunyamaza. Nililia kwa Kiswahili, nikalia kwa Kiluhya, nikamalizia na Kiingereza cha shule ya jioni. Nilimwita mama, nikamwita nyanya aliyekufa zamani, nadhani nilimwita hata mwalimu wa baiolojia. Mwanamke wa kitanda cha pili aliniuliza kwa upole kama nimekuja na spika. Mara ya kwanza nilipoita, sista alikuja mbio. Akanipima, akaniangalia, akarudi. Mara ya pili alikuja akitembea. Mara ya tatu hakuja. Alijibu akiwa kwenye meza yake kule mwanzo wa korido, bila kuinua kichwa, kwamba mama wa Kapsoya bado.

Nilipopita pale mezani nikitembea, kwa sababu alikuwa ameniamuru nitembee, nilimlalamikia kwamba haji kutuona. Alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya boksi la glavu. Akaniambia bila hasira, "Miguu imenikataa, mama, kwa hivyo nasikiliza. Mtu akifika, sauti huteremka. Inatoka huku chini. Ya kwako bado iko kooni."

Nikaendelea kutembea. Kwanza alikuwa amechoka kuliko mimi, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko punda yeyote wa sokoni. Pili nilipojisikiliza, kweli, ilikuwa kooni.

Mwanamke wa Ainabkoi naye alikuwa akitembea. Tukaanza kutembea pamoja, bega kwa bega, tukisimama kila mmoja anapokamatwa. Mimi nikikamatwa korido yote ilijua. Yeye akikamatwa alisimama tu akaegemeza paji la uso ukutani, na mtu akipita angedhani anasali. Nikamuuliza anawezaje. Akasema si kuweza. Kwao mwanamke hafanyi kelele akijifungua. Mama yake aliwazaa wote na jirani hakujua mpaka alipoona nepi zimeanikwa. Wewe ukilia, wazee wa kike waliokushika watakukumbusha siku hiyo hata kwenye harusi ya mtoto mwenyewe.

Nikacheka, nikamwambia kwetu ukizaa kimya watu watauliza kama mtoto umemwokota. Yeye naye akacheka, na ndipo, kwa sababu ya kucheka nafikiri, akanieleza habari ya mtoto wake wa kwanza.

Yule wa kwanza alimzalia nyumbani, huko Ainabkoi, msimu wa kuvuna viazi. Uchungu ulianza mchana. Mama mkwe wake alikuwa jikoni, hatua chache tu kuvuka ua, akimenya viazi vya wafanyakazi. Angeita angesikika. Hakuita. Alidhani ana muda, na alidhani akiita mapema ataonekana mwoga. Halafu muda ukaisha. Mtoto alikuja akiwa amezungukwa na kamba ya kitovu shingoni, na mikono yake yeye mama haikufika, au ilifika ikiwa inatetemeka, hajui vizuri mpaka leo. Mama mkwe aliingia na sufuria mkononi kuuliza kama amelala.

Aliyasema yote hayo kwa sauti ile ile ya kuambiana habari za mvua. Kisha akasema, "Mara hii nimekuja hospitali kwa sababu ya mikono. Nataka tu kuwe na mikono ya mtu."

Uchungu wangu ukaja pale pale, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona aibu kuulilia kwa sauti. Ulipopita nikamuuliza kama sista anajua. Akasema alimweleza yule wa zamu ya usiku, naye aliandika. Lakini yule alikuwa ameshaenda nyumbani kulala, na huyu wa leo alikuwa anasikiliza. Nikamwangalia mwenzangu, nikaangalia meza ile iliyo mbali kule mwanzo wa korido, nikapiga hesabu ambayo haihitaji cheti cha jioni. Sista anayekuja kwa sauti, na mama asiye na sauti.

Nikaenda kumwambia sista. Nilimwambia mwenzangu wa dirishani hatapiga kelele hata paa likianguka, na kwamba mtoto wa kwanza alimpoteza hivyo. Sista hakupuuza, sitamsingizia. Aliinuka wakati ule ule, akavaa viatu nusu, akaja akampima, akasikiliza mtoto kwa kile kipaza kinachofanana na faneli ya mafuta taa, akasema mtoto yuko sawa, njia bado, atarudi baada ya muda kidogo. Na angerudi. Lakini kuna mama alikuja na mapacha, wa kwanza akiwa ametanguliza miguu, na sista akaingia naye chumba cha pili, mlango ukafungwa, na ule muda kidogo ukawa mrefu.

Sisi tukajaribu kusaidia. Namaanisha mimi na yule wa kitanda cha pili, aliyeniuliza kuhusu spika. Tulikubaliana kwamba dada huyu lazima afundishwe kulia. Tukamwambia aanze na "wui." Akafikiri, akasema "wui" kama mtu anayebisha hodi kwa pasta. Tukamwambia atoe kifuani. Akajaribu tena, ikatoka kama anayemwita kuku asiye wake. Yule wa kitanda cha pili alicheka mpaka uchungu ukamkamata akicheka, akawa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikaona hiyo ndiyo sauti kamili, nikamwambia, "Hiyo, fuata hiyo." Mwanamke wa Ainabkoi akatikisa kichwa, machozi ya kicheko machoni.

"Haitoki," akasema. "Nikianza najisikia kama naigiza."

Basi tukaacha. Tulichoka hata kucheka. Tukapanda kitandani, yeye kichwa ukutani, mimi kichwa upande wa mlango, miguu yangu ikiwa kando ya kifua chake ndani ya zile soksi za mjengo. Nikasikia mkono wake umeshika kifundo cha mguu wangu. Nadhani mwanzoni alikishika kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo. Uchungu ukija, vidole vilibana. Ukiondoka, vililegea. Hakusema samahani, nami sikumwondoa.

Na hivyo ndivyo nilivyoanza kumsikia. Uso wake haukusema kitu, mdomo haukusema kitu, lakini vile vidole vilikuwa vikisema waziwazi kuliko mimi na kelele zangu zote. Wangu ukija nalia, halafu kabla sijamaliza kulia nasikia wake umekuja kifundoni. Nilikuwa nasinzia katikati. Ule usingizi wa leba ni wa ajabu, unaota ndoto nzima yenye mwanzo na mwisho kati ya uchungu na uchungu. Mimi niliota niko dukani napima leso, na mteja hataki kuachilia ncha ya kitambaa.

Nikaamka kwa sababu mteja hakuachilia. Vidole vilikuwa vimebana, na safari hii havikulegea. Nikangoja. Havikulegea. Halafu nikasikia mtetemo mdogo unapita kutoka mkono wake hadi mguu wangu, wa kuteremka, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Niliinuka kwa kiwiko. Alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa, macho yamekodoka kwenye dari, na hapakuwa na sauti. Nikainua leso aliyojifunika. Na mimi niliyechora ule mchoro wa kuinuliwa darasani nikaona kitu ambacho hakikuwa kwenye mchoro: nywele. Nyeusi, zimelowa, kiasi cha kiganja.

Nikapiga kelele. Nilimwita sista kwa nguvu zote nilizozaliwa nazo, na wanaonijua watakuambia si haba. Nikasema anazaa, mtoto anakuja, njoo.

Kutoka kule mezani, kwa maana alikuwa amesharudi kutoka kwa mapacha na ndio kwanza ameketi, sauti yake ikaja imechoka kabisa. "Mama wa Kapsoya, nimekusikia. Nilishakupima. Wewe bado."

Nikasema si mimi. Lakini uchungu wangu ukaja juu ya yale maneno, ukayafunika, na kilichofika mezani nafikiri kilikuwa "siiii" ndefu isiyo na maana. Kitanda fulani huko mbele kikacheka. Mtu akasema huyo wa dirishani leo ameamua atuue. Nikaita tena, na tena, na kadiri nilivyoita ndivyo nilivyozidi kufanana na mimi yule yule wa tangu asubuhi. Yule wa kitanda cha pili ambaye angenisaidia alikuwa ameshapelekwa chumba cha kujifungulia nikiwa nimesinzia. Nikaelewa kwamba nikikaa pale nikipiga kelele mpaka kesho, hakuna atakayekuja.

Ikabidi nishuke. Lakini vidole havikuachilia. Nilivibandua kimoja kimoja, na kila nikibandua kimoja, kilichotangulia kilirudi. Aliteremsha macho kutoka kwenye dari akaniangalia. Sikumbuki kama nimewahi kuangaliwa hivyo na mtu mzima.

"Naenda kuleta mikono," nikamwambia.

Akaachilia.

Ile korido nimekuwa nikiisimulia kuwa ndefu kama barabara ya Nakuru. Labda ilikuwa na urefu wa basi moja tu. Nilishika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, soksi zikiteleza kwenye simenti iliyopigwa deki. Katikati uchungu ukanikamata, mkubwa kuliko yote ya tangu asubuhi, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikaufunga. Niliwaza, nikilia hapa atasema ni yule yule, na hatainuka. Nikatia pindo la leso mdomoni nikaliuma, nikaegemeza paji la uso ukutani kama nilivyomwona mwenzangu akifanya, nikangoja upite. Watu waliopita labda walidhani nasali. Nami nadhani nilikuwa nasali.

Nikafika mezani. Sista alikuwa akiandika. Sauti ilitoka ndogo mpaka mimi mwenyewe sikuijua.

"Sista, si mimi. Ni mwenzangu. Nimeona nywele."

Aliinua kichwa akanitazama usoni, sijui ni kwa muda gani, mfupi sana. Kalamu ilikuwa bado inabingirika mezani wakati yeye ameshanipita. Mama yule mzito, ambaye miguu yake ilikuwa imemkataa tangu alfajiri, alikimbia peku. Viatu vilibaki chini ya meza vikitazamana.

Nilirudi nyuma yake nikipapasa ukuta. Nilipofika, kichwa kilikuwa nje, na kwenye shingo ilikuwapo ile kamba, nene, ya rangi ya kijivu, imezunguka. Mwanamke wa Ainabkoi alikuwa ameiona kwenye uso wa sista, maana alikuwa ameacha kutazama dari. Sista alimwambia mama asisukume kwanza, avute pumzi fupi fupi. Akapitisha kidole chini ya kamba, akailegeza, akaivusha juu ya kichwa cha mtoto taratibu, kama mtu anavyomvua mtoto sweta yenye shingo nyembamba. Halafu akasema sasa. Na mtoto akaja wote, mabega, mgongo, miguu, akamwagika kwenye mikono ile.

Alikuwa msichana, na alikuwa na rangi ya zambarau, na alikuwa kimya.

Waliokuwa wakinicheka walinyamaza. Sista alichukua leso yangu, mpya, niliyopunguziwa bei dukani nikaiweka ya kumpokelea wangu, akamsugua nayo mgongo. Akamvuta kamasi kwa kipira, akamsugua tena, akampiga nyayo kwa kidole. Mama alikuwa ameinuka kwa viwiko, kitambaa cha kichwa kimeanguka, na mkono wake mmoja ulikuwa unatafuta kitu cha kushika kitandani pale palipokuwa na mguu wangu. Nikampa mkono.

Mtoto akatoa kitu kama kikohozi. Kisha kingine. Kisha akalia, kwanza kama mlango unaokwaruza, halafu kwa hasira, halafu kwa koo zima, mpaka nikasema moyoni huyu si wa kwao, huyu ni wa kwetu.

Mama mmoja mtu mzima wa kitanda cha jirani, kwa mazoea tu ya kina mama wote, akaanza kumbembeleza, ss, ss, nyamaza mtoto.

"Mwacheni alie," mwanamke wa Ainabkoi akasema.

Alisema kwa nguvu. Korido nzima ilisikia. Na tukamwacha alie, wote, tumekaa tukimsikiliza kama taarifa ya habari.

Sista alipomaliza na kondo la nyuma na yale mengine yote, alikaa kwenye ukingo wa kitanda chetu, kitu ambacho nafikiri hakiruhusiwi, miguu yake peku ikining'inia. Akamwambia mwenzangu kwamba hawa wa kunyamaza watamuua. Kisha akanigeukia akasema na sisi wa kelele pia. Akacheka kicheko kifupi kilichoishia kwenye miayo, akaenda kutafuta viatu vyake.

Wangu mimi alikuja alasiri, na sina mengi ya kusema juu ya hilo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha. Vitanda vya wazazi waliokwisha jifungua vilikuwa vimejaa, kwa hivyo mwanamke wa Ainabkoi aliachwa pale pale nami, tukawa watatu kitanda kimoja, na yule wa tatu ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa kuliko wote. Mimi sauti ilikuwa imekauka. Kelele zangu zote nilikuwa nimezitumia asubuhi, nikizimwaga kama mtu mwenye ghala. Sasa uchungu ukija nilikuwa nafungua mdomo na hakuna kinachotoka ila hewa. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia. Sijui saa ngapi mkono wangu ulikwenda ukashika kifundo chake cha mguu. Sikujua kama nimekishika mpaka niliposikia anaita.

"Sista."

Mara moja tu, na si kwa nguvu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Lakini nilisikia kiti kinasukumwa kule mezani, na nyayo zinakuja mbio, na safari hii zilikuwa na viatu. Mtu ambaye hajaita siku nzima akiita, hakuna anayeuliza mara mbili.

Nilisukuma kidogo, au sana, au milele. Ni mvulana. Mizani ilisema kilo tatu na nusu. Mimi husema tano, na nikimwona anavyokula ugali sasa nazidi kuamini kwamba mizani ile ilikuwa na kasoro. Alipolia nilijaribu nami kusema jambo kubwa la kukumbukwa, kama mwenzangu, lakini nilichosema ni kuomba chai. Chai ya thermosi ilikuwa imepoa. Niliinywa yote, na sijawahi kunywa kitu kitamu zaidi, halafu nikalala huku sista bado ananishona, na aliyemshika mwanangu wakati huo ni mwanamke wa Ainabkoi, mtoto mmoja kila mkono, amejiegemeza ukutani, macho yamezama ndani kwa uchovu, hajalala.

Kesho yake mume wa mwenzangu alikuja kumchukua na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa ya kwao. Mwenzangu akanimiminia kikombe kabla hajanywa yeye. Alinifungia mtoto vizuri, maana mimi nilikuwa nimemfunga kama mzigo wa viazi, akaandika namba yangu ya simu nyuma ya kadi ya kliniki, akaondoka akitembea polepole, mgongo umenyooka. Nilirudishiwa leso yangu imefuliwa. Kuna doa ambalo halikutoka. Sijawahi kujaribu kulitoa.

Nilipofika nyumbani Kapsoya mama mkwe aliniogesha, na alipovua soksi ya mguu wa kushoto akashtuka, akamwangalia mwanawe kwa jicho kali. Kifundo kilikuwa na alama za vidole vyote, zambarau, kama bangili. Ilibidi nimweleze haraka kabla mume wangu hajapigwa bure. Alama ile ilikaa muda mrefu. Ilikuwa zambarau, ikawa kijani, ikawa njano, na nilikuwa nikiitazama kila mara nikimnyonyesha mtoto, katika zile siku ambazo huwezi kukumbuka kama umekula ama umeota umekula.

Alama ilipokuwa karibu kufutika, simu ikalia asubuhi moja, namba nisiyoijua. Nikasema haloo. Hakuna aliyejibu. Nilichosikia ni mtoto analia, mtoto wa kike mwenye koo pana, analia kwa hasira kabisa, na nyuma yake kuku, na upepo wa mahali palipoinuka. Mtu alikuwa ameshika simu karibu naye na hasemi kitu. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na wangu kifuani, nikasikiliza. Alilia mpaka akachoka.

"Umesikia?" mama yake akaniuliza.

Nikamwambia nimesikia.